Kabla ya Kununua Seti ya Kupikia Bia Nyumbani, Kagua Koki

Mpiko wangu wa kwanza ulitoka vizuri, na hilo ndilo lililonipoteza. Bia ilikuwa safi, ina povu, haina harufu ya ajabu, nikaamini nimenunua seti nzuri. Mpiko wa pili ukaja na uchachu wa mbali, mdogo kiasi kwamba nilidhani ni ulimi wangu. Wa tatu niliumwaga wote, lita 23, chupa baada ya chupa. Kila chupa ilikuwa na pete nyembamba ya utando shingoni, pale bia inapokutana na hewa, na kila niliyoifungua ilirusha povu hadi mezani.

Nilishuku hamira, nikabadilisha. Nilishuku maji, nikayachemsha. Nilitupa mrija nikanunua mwingine. Mwishowe nikachukua msumeno na kuikata katikati ile koki iliyo chini ya ndoo. Kati ya ganda la nje na kiini kinachozunguka unapofungua, palikuwa na ute wa kijivu unaonuka siki. Koki ile ilibanwa kiwandani na haikuwa na namna ya kufunguka. Mipiko yote mitatu ilipita humo.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia ipi ina boksi zuri au ladha nyingi za kuchagua. Ladha ni kopo la kimea linalokuja na seti, na kopo utabadilisha mpiko ujao. Koki utaishi nayo. Nimezipanga seti kwa swali moja: bia inatokaje ndani ya chombo, na je, njia hiyo ya kutokea unaweza kuifungua yote ukaisugua kwa mkono wako?

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili ni zito, maana wasomaji wanaoniandikia kuhusu bia iliyochacha karibu wote wanauliza kuhusu dawa ya kuua vijidudu. Dawa unayo, na pengine ni nzuri. Star San, kwa mfano, hutumika kiasi cha mililita 1.5 kwa lita ya maji, dakika moja au mbili zinatosha, na huhitaji kusuuza. Lakini dawa za aina hiyo hufanya kazi juu ya kitu ambacho tayari ni kisafi. Maji ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, yana sukari na protini. Yakikauka kwenye mwanya mwembamba yanaacha tabaka, na bakteria wa asidi ya maziwa na wa siki wanajijengea humo utando. Dawa inagusa juu ya utando, walio chini wanabaki hai. Siku ya kujaza chupa unafungua koki, na bia yote inapita juu yao. Bia ikishachachuka haina sukari nyingi, ina kilevi na hopi, yale maua machungu ya kutia bia, kwa hiyo wadudu hao hukua polepole. Ndiyo maana unaonja siku ya kujaza chupa na kuona iko sawa, kisha wiki tano baadaye imeharibika.

Huwezi kuokoa koki ya namna hiyo kwa kuimwagia maji yanayotokota. Plastiki nyingi hupinda, na koki iliyopinda inavuja. Wala usichanganye jiki na siki kwa kudhani unaongeza nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Sasa seti zenyewe.

Nafasi ya kwanza: Coopers DIY

Sifichi upendeleo wangu. Ningekuwa na rafiki anayeanza leo, ningemwambia anunue Coopers na asisumbuke kusoma zaidi. Ni kampuni ya familia ya Adelaide, Australia, iliyoanzishwa na Thomas Cooper mwaka 1862, na inajua bia kuliko wengi wanaouza vifaa vya bia. Koki yake ni ya plastiki ya kawaida, haina uzuri wowote wa kuvutia macho. Lakini iloweke dakika chache kwenye maji ya moto, plastiki ilegee kidogo, kisha kisukume kiini: kinachomoka. Unabaki na vipande viwili mkononi, laini, visivyo na kona ya kujificha, na unavisugua kama unavyosugua kikombe. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza baada ya ile koki niliyoikata kwa msumeno, nilikaa nikaviangalia vile vipande viwili kwa muda.

Kuna kingine wanachokifanya vizuri. Nyuma ya koki, kwa upande wa ndani, kunachomekwa kipande kidogo kinachozuia mashapo ya hamira yasitoke na bia, nacho kinachomoka. Mrija wa kujazia chupa unaingia moja kwa moja mdomoni mwa koki na kushuka hadi kwenye kitako cha chupa, hivyo bia haimwagiki kutoka juu na kuchanganyika na hewa.

Chombo ni cha lita 23, kopo ni kilo 1.7 za kimea kilichokwisha kutiwa hopi, na hamira gramu 7 iko chini ya kifuniko cha plastiki juu ya kopo. Humo pia mna haidromita, kifaa cha kupima sukari iliyobaki ndani ya bia, na chupa 30 za plastiki za mililita 740. Chupa za plastiki zinadharauliwa na watu wanaojiona mafundi. Kwa anayeanza ni salama zaidi: ukikosea sukari ya kutia chupani, chupa inakuwa ngumu kama jiwe na unaihisi kwa vidole, wakati ya kioo ingepasuka. Ubaya wake ni kwamba plastiki hupitisha hewa polepole, kwa hiyo usiweke bia humo miaka.

Usiogope usipoona kile kibomba cha kububujisha hewa juu ya kifuniko. Hakipo kwa makusudi, gesi inajitokea yenyewe pembeni mwa kifuniko. Tatizo la kweli ni uzito. Lita 23 zikishajaa hutazibeba peke yako bila kutikisa mashapo, kwa hiyo chagua mahali pa kuweka chombo, pa juu kiasi cha kujazia chupa, kabla hujamimina hata tone.

Nafasi ya pili: seti ya galoni moja ya Northern Brewer

Hapa hakuna koki kabisa, na ndiyo sababu iko juu. Bia inatolewa kwa pampu ndogo ya kufyonza, mirija miwili mmoja ndani ya mwingine, unavuta mara moja na bia inaanza kutiririka yenyewe. Mirija inatenganishwa na kuonekana ndani yake dhidi ya mwanga. Ukiona doa, unalisugua. Likikataa, unatupa mrija wa mpira na kuweka mwingine, kitu kidogo kwenye bajeti.

Galoni ya Kimarekani ni kama lita 3.8, maana yake utapata chupa kama kumi za mililita 355. Ni kazi ya siku nzima kwa chupa kumi, na unachemsha kimea na hopi mwenyewe jikoni, hivyo utajifunza zaidi kuliko kwa kopo. Ukiharibu, umemwaga lita nne tu. Angalia kama seti unayoletewa ina chupa, kwa sababu mara nyingi hazimo.

Nafasi ya tatu: Mr. Beer

Pipa dogo la kahawia la galoni mbili. Coopers waliinunua kampuni hii mwaka 2012, na makopo yake ya kimea yamekuwa yakitoka kwao. Koki inafungwa kwa nati na mpira kutokea ndani, na mdomo wa pipa ni mpana, mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Hilo peke yake linaipandisha juu ya ndoo nyingi ninazoziona. Ivue kila baada ya mpiko, hata kama haijavuja. Watu wanaiacha mahali pake mipiko sita kwa kuogopa kuisumbua, na kule nyuma ya mpira ndiko uchafu unakokaa.

Kinachonifanya niiweke ya tatu ni kwamba inamfundisha mtu kuhesabu siku badala ya kupima. Nunua haidromita pembeni.

Njia ya kujikusanyia mwenyewe

Kwa mwenye subira, ndoo nzuri ya chakula, koki ya kufunguka inayouzwa peke yake, na makopo ya Muntons Gold ni mchanganyiko ninaouheshimu. Muntons ni watengeneza kimea wa Suffolk, Uingereza, na Gold huja na makopo mawili, kilo 3 kwa jumla, kwa hiyo huongezi sukari na bia haiwi nyepesi. Toboa ndoo sentimita tatu hivi kutoka chini ili mashapo yabaki chini ya koki, na kwangua ukingo wa tundu mpaka uwe laini. Tundu lenye makovu linavuja na linahifadhi uchafu.

Brooklyn Brew Shop wana seti nzuri ya galoni moja isiyo na koki, ila unaanza na nafaka yenyewe: unailoweka kwenye joto la karibu nyuzi 65 kwa saa nzima, unaisuuza, kisha unachemsha saa nyingine. Ni upishi halisi. Kwa mpiko wa kwanza kabisa nadhani ni mzigo, lakini kama unapenda kukaa jikoni usinisikilize.

Za bei rahisi zisizo na jina: usinunue, isipokuwa umeishika koki mkononi na umeifungua.

Sasa nina neno na wauzaji.

Boksi limeandikwa "kila kitu kimo". Unafika nyumbani, hakuna mashine ya kubania vizibo. Au vizibo vimo, chupa hazimo. Au haidromita haimo, na kijikaratasi kinasema subiri siku saba kisha jaza chupa. Siku saba kwa joto gani? Hamira haisomi kalenda. Haidromita ikisoma namba ileile kwa siku mbili au tatu mfululizo, tuseme 1.010 kutoka 1.040 ulipoanza, ndipo hamira imemaliza kazi na una bia ya karibu asilimia 4. Ukijaza chupa za kioo kabla ya hapo, unatega mabomu kabatini. Kifaa hiki cha kioo chembamba ndicho kinachomlinda mnunuzi asijeruhiwe, na ndicho cha kwanza kuondolewa ili boksi lionekane nafuu. Kisha wanakuuzia "kiboreshaji" kwenye mfuko wa kumetameta, ambacho kwa sehemu kubwa ni dekstrosi na maltodekstrini, sukari na wanga wa unga tu, kwa bei ya kitu cha ajabu.

Kuhusu koki, niliwahi kumwandikia muuzaji wa ile seti yangu ya kwanza na kumuuliza swali moja: koki hii inafunguka? Jibu lilikuwa niiloweke kwenye dawa. Niliuliza tena. Nikaambiwa ninunue dawa yao iliyo kali zaidi. Nilipotuma picha ya koki iliyokatwa, sikujibiwa. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kuiruhusu Oktoba 1978. Kwa miaka yote hiyo watu wamekuwa wakipika majumbani, wakimwaga na kulalamika, na koki inayofunguka si uvumbuzi, ipo dukani. Mtu anayeendelea kufungasha ile iliyobanwa anaokoa pesa kidogo kwa kila boksi, na hasara ya lita 23 anamwachia mnunuzi, ambaye atadhani kosa ni lake na ataacha kupika. Wangapi wameacha hivyo? Mimi nilikaribia.

Basi ukiwa dukani, shika koki na umwombe muuzaji aifungue mbele yako. Asipojua, jaribu mwenyewe. Ukinunua kwa mtandao, uliza kwa maandishi kabla ya kulipa, na uhifadhi jibu. Tazama pia tarehe ya kopo: kimea kikikaa sana kinazidi kuwa cheusi, na hamira iliyo chini ya kifuniko inazeeka haraka zaidi ikiwa boksi limekaa kwenye joto. Ukiwa na shaka, nunua pakiti ya hamira ya SafAle US-05, gramu 11.5, uitumie badala yake, na ukiweza tunza chombo kati ya nyuzi 18 na 21.

Boksi likifika, usipike siku hiyo. Funga koki, mimina maji ya kawaida mpaka yapite juu yake vidole vinne, weka chombo juu ya karatasi kavu na ukiache usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, kaza nati au geuza mpira, urudie. Ikibaki kavu, vua koki, itenganishe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, uvianike vipande kimoja kimoja. Utavirudisha mahali pake siku ya kupika, vikiwa vimelowa dawa. Siku ya kujaza chupa ikiisha, vitoe tena kabla ya kwenda kulala, bia haijakauka humo.