Kabla ya kununua kifaa cha haidrojeni kwa gari la zamani

Kati ya vitu vinne ambavyo mwenye gari la zamani huuziwa kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta, kifaa cha haidrojeni, yaani kasha linalotoa gesi hiyo kwenye maji, nakiweka cha mwisho, tena mbali sana na cha tatu.

Nafasi ya kwanza ni ya vipuri vya kawaida, kuanzia na thamostati, valvu inayozuia maji ya kupoza injini hadi injini ipate joto. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa na kuitupa. Tangu siku hiyo injini haifikii joto lake la kazi, na kwenye magari ya EFI, yaani yale ambayo kompyuta ndiyo hupima petroli ya kupulizwa ndani ya injini, kompyuta hiyo huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa alfajiri. Thamostati mpya, plagi za namba iliyotajwa katika kitabu cha gari, filta safi ya hewa, sensa ya oksijeni (inayopima moshi na kuiarifu kompyuta kama petroli imezidi au imepungua) badala ya iliyokufa na upepo sahihi wa tairi ni matumizi yanayorudisha fedha zake.

Nafasi ya pili naipa mfumo wa gesi asilia, kwa wale tu wanaoendesha kutwa nzima na kuishi karibu na vituo vya kujazia, jambo ambalo kwa Tanzania bado linamaanisha hasa Dar es Salaam. Kuufunga ni ghali na mtungi hula nafasi ya buti, lakini gesi hiyo ni mafuta kamili yanayochukua nafasi ya petroli. Teksi hufidia gharama hiyo. Gari la kwenda sokoni na kanisani halifidii.

Dawa ya kusafisha nozeli, yaani midomo inayopulizia petroli, ni ya tatu: bei yake ni ndogo, husaidia nozeli zilizochafuka, na haina la kufanya kwa zilizo safi.

Kifaa cha haidrojeni, ambacho wauzaji hukiita HHO, ni kasha la sahani za chuma lenye maji yaliyotiwa haidroksaidi ya potasiamu. Hutumia umeme wa gari kutenganisha haidrojeni na oksijeni, kisha gesi zote mbili huvutwa na injini pamoja na hewa. Chukua kifaa cha seli 6, yaani vyumba sita kati ya sahani, kinachovuta ampea 20: kwa volti 13.8 hutumia wati 276 na kutoa takriban lita 50 za haidrojeni kwa saa. Zinasikika nyingi, lakini nishati yake ni sawa na ya mililita 17 hivi za petroli, ilhali alteneta, jenereta ya gari inayozungushwa na injini hiyohiyo, huigharimu injini karibu mililita 200 ili kuzalisha umeme huo.

Wauzaji hujibu kwamba kazi ya haidrojeni si kuwa mafuta bali kuharakisha uchomaji wa petroli. Hoja hiyo ina mzizi wa kweli, kwani watafiti wa NASA nchini Marekani walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba haidrojeni huiwezesha injini kufanya kazi kwa mchanganyiko wenye petroli kidogo kuliko kawaida. Ila wao walitumia haidrojeni ya mitungi na ya mtambo unaoitoa kwenye methanoli, aina ya alkoholi, kwa kiasi ambacho kasha la ampea 20 haliwezi kukifikia. Ndiyo maana vifaa vingi huuzwa pamoja na kisanduku kinachoidanganya sensa ya oksijeni ili kompyuta ipunguze petroli. Nafuu ikionekana, aghalabu hutoka hapo, na kwenye mlima au mzigo mzito, petroli ikiwa imepungua mno, valvu za injini ndizo zinazoungua.

Anayeazimia kununua hata hivyo na akague chupa ya maji kati ya kasha na injini, inayozuia moto usirudi nyuma, pamoja na relei inayokata umeme injini inapozimika, kwa sababu gesi ikiendelea kutoka hujikusanya chini ya boneti. Sahani ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316L, na chumvi ya mezani isitiwe kamwe, kwani hutoa klorini, gesi yenye sumu. Makubaliano yaandikwe: tanki lijazwe hadi juu, gari liendeshwe njia ileile kilomita 500 bila kifaa na 500 likiwa nacho, lijazwe tena kila mara kwenye pampu ileile, na muuzaji asilipwe nusu ya pili ya fedha zake hadi hesabu hizo mbili za petroli ziwe mezani.