Seti kubwa za vitabu vya ndege: anza na ipi, na humo ndani utafute vipi

Mtu akishanogewa na ndege, awe anaongoza watalii Arusha au anazunguka tu Ngong na darubini yake wikiendi, inafika siku kile kitabu kimoja cha kubeba begani hakimtoshi, anataka seti, zile juzuu zinazojaza rafu nzima. Sawa, ila kabla hujatuma hela nje jua kwamba seti hizi haziendi kwa alfabeti wala kwa nchi, zinaenda kwa familia za ndege, na usipojua familia gani imelala juzuu gani utakuwa umenunua mzigo tu. Napanga hapa kuanzia ile ninayoona inalipa zaidi kwa mtu wa huku kwetu.

Namba moja ni The Birds of Africa, na ununue KIPANDE KIPANDE, sio seti nzima. Juzuu 7 za mwanzo zilitoka kati ya 1982 na 2004, ya 8 ikaja 2013 ya Madagaska na visiwa vya jirani, kwa hiyo Wakomoro, yenu ni hiyo. Ramani yake iko hivi: ya 1 ni mbuni mpaka tai na kozi, ya 2 kwale, kanga, ndege wa pwani mpaka njiwa, ya 3 kasuku mpaka kigogota na humo katikati wamo bundi na hondohondo, ya 4 utamkuta mbayuwayu na shore, ya 5 ni vile vindege vya kahawia vinavyofanana vyote vikakuumiza kichwa, ya 6 chozi, kunguru, kuzi na wale wanaopanda mgongoni mwa nyati, ya 7 shomoro na mnana. Mfano chukua Pemba, ina ndege wanne wasiopatikana kwingine popote duniani, ninga wake, bundi wake, chozi wake na yule mdogo mwenye pete nyeupe machoni, ukifuata familia zao unaangukia juzuu ya 2, ya 3 na ya 6, basi. Mtu wa Pemba hizo nyingine za nini?

Kama wewe ni wa tai, juzuu ya 1 ina raha yake, Leslie Brown aliyeishi Kenya na kuwafuatilia tai miaka na miaka alikuwa mmoja wa waandishi wake, akafariki 1980 kabla haijatoka.

Sasa ubaya wa seti hii, ni ya zamani. Kwale wa Udzungwa aligunduliwa 1991, tena inasemekana watafiti walishtuka kwanza kwa miguu ya ndege waliyoiona kwenye sufuria ya kambi, mboga ya usiku hiyo! Akatangazwa rasmi 1994, juzuu ya 2 ni ya 1986, kwa hiyo usihangaike kumtafuta humo, hayumo. Na majina ya kisayansi yamehama, yule kwale mwenye koo la njano unayemwona kila mahali kwenye maeneo makame, humo kitabuni ni Francolinus leucoscepus, siku hizi anaitwa Pternistis leucoscepus, ukifungua faharasa kwenye P unatoka mikono mitupu. Dawa ni kutafuta kwa hilo neno la pili, ndilo halibadiliki sana, hata likibadilika ni herufi za mwishoni tu.

Namba mbili ni kulipia Birds of the World onlaini, ya watu wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani. Maandishi ya ile seti kubwa ya dunia, namba tatu hapa chini, yaliingizwa humo 2020, majina yanasasishwa, unaandika jina ndege anakuja, hakuna cha juzuu. Ila inataka bando na ukiacha kulipa umefungiwa nje, ndio maana sijaiweka juu.

Tatu, hiyo seti kubwa yenyewe kwenye karatasi, Handbook of the Birds of the World ya wachapishaji Lynx wa Barcelona, juzuu 16 kuanzia 1992 hadi 2011. Michoro yake aisee hainiishi hamu. Lakini ni ya dunia nzima, juzuu ya 16 sehemu kubwa ni ndege wa Amerika, utafanya nayo nini wewe wa Morogoro? Ukiokota moja moja, chukua ya 6 kwa hondohondo, ya 13 kwa chozi, ya 15 kwa mnana. Anayetaka seti kamili asiiache ile ya nyongeza ya 2013, ndiyo yenye faharasa ya juzuu zote, bila hiyo utakuwa unafungua kumi na sita kumtafuta ndege mmoja.

Nne, Illustrated Checklist of the Birds of the World, ile ya juzuu mbili ya Lynx na BirdLife, shirika la kuhifadhi ndege, 2014 na 2016, picha na ramani nyingi, maelezo kiduchu. Humo kozi hayuko tena na tai, vinasaba vimemsogeza karibu na kasuku, nenda mwishoni mwa juzuu ya kwanza.

Ya mwisho The Birds of the Western Palearctic, yaani ndege wa Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, juzuu 9 za Oxford, 1977 mpaka 1994. Nzuri kwa wageni wetu wanaokimbia baridi ya Ulaya, kwa wengine pitia mbali.

Ukinunua mtumba muombe muuzaji apige picha kurasa za michoro zote, sio jalada, maana kuna watu wanazikata wakaziuze kwenye fremu, na uulize ukungu pia. Halafu mwambie akupe kilo kabla ya kukubaliana bei, hivi vitabu ni vizito mno na nauli inaweza ikapita kitabu chenyewe.