Siku Nne Visiwani Ssese: Uzoefu Wangu wa Kutafuta Faragha ya Watu Wawili

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa miaka 11 iliyopita, na fungate hatukuipata. Harusi ilipokwisha yeye alirudi kazini siku ya tatu, mimi nikarudi darasani, na tangu hapo kila tulipolala nje ya nyumba yetu ilikuwa kwa ajili ya msiba au harusi ya jamaa. Mwaka huu, likizo za kazi zetu zilipokutana kwa siku nne, tuliwaacha watoto kwa mama mkwe, Entebbe, tukavuka ziwa kwenda Ssese. Naandika uzoefu huu kwa kirefu kwa sababu nusu ya safari hiyo iliharibika na nusu nyingine ikawa kama nilivyoiota kwa miaka yote hiyo, na kilichozitenganisha nusu hizo mbili hakikuwa bei wala uzuri wa mahali.

Watu wengi wa hapa Kampala wakitajiwa visiwa vya nchi za joto kwa ajili ya wapenzi hufikiria Zanzibar au Shelisheli, kisha hukata tamaa wanapopiga hesabu ya tiketi za ndege. Visiwa vya Ssese viko 84, vimetawanyika kusini kidogo mwa mstari wa ikweta katika Ziwa Viktoria, ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale, na kikubwa kuliko vyote ni Bugala, kilipo mji wa Kalangala. Kwa kuwa ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto lake si lile la kunata mwilini la pwani ya Bahari ya Hindi. Usiku tulijifunika blanketi.

Tuliondoka siku ya Alhamisi kwa meli ya MV Kalangala, inayong'oa nanga saa nane mchana katika bandari ndogo ya Nakiwogo, karibu na mji wa Entebbe, na kufika ghuba ya Lutoboka baada ya saa tatu na nusu hivi. Nawashauri mfike mapema, kwa sababu kiti cha dirishani hakiwekwi nafasi. Nauli yake ni nafuu mno ukilinganisha na boti za kukodi, na safari yenyewe ni sehemu ya mapumziko: mume wangu, ambaye nyumbani simu haimtoki mkononi, aliiweka mfukoni tulipopita visiwa vya kwanza na hakuitoa tena mpaka tuliposhuka.

Nyumba ya wageni tuliyoiwekea nafasi iko Lutoboka, mwendo mfupi tu kutoka gatini. Sitaitaja, kwa sababu meneja nimekwisha kumwandikia malalamiko yangu moja kwa moja. Nilikuwa nimepiga simu wiki tatu kabla, nikaeleza wazi kwamba tunatafuta mahali pa faragha kwa watu wawili, nikaambiwa kwamba hapo ndipo penyewe, kwamba banda letu lingekuwa kando ya maji na hatungesikia kitu ila mawimbi. Nikalipa usiku tatu kwa mkupuo, shilingi 250,000 za Uganda kwa kila usiku pamoja na chai ya asubuhi. Alhamisi ile kila neno waliloniambia lilikuwa kweli. Banda lilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu, mchanga ulianzia kizingitini, na wageni wote ufukweni hatukuzidi sita.

Ijumaa jioni meli ile ile ilileta kundi la wafanyakazi wa kampuni moja ya mjini, zaidi ya watu 60, pamoja na spika mbili zenye kimo cha mtu. Spika zile zilisimikwa hatua kama 20 kutoka mlangoni petu. Kufika saa nne usiku vioo vya dirisha vilikuwa vinatetemeka, na glasi ya maji niliyoiacha juu ya meza ilikuwa ikisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni kila mdundo ulipopiga. Niliitazama mpaka nikaenda kuiondoa. Muziki ulikoma saa tisa usiku. Nilipomfuata meneja asubuhi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, "mtusamehe sana, lakini wikendi ndiyo inayotulisha." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya kundi hilo nilipopiga simu. Akajibu kwamba sikuuliza. Tulipoamua kuondoka, fedha za usiku wa tatu hazikurudishwa.

Jibu hilo liliniuma, ila nikiwa mkweli nakiri kwamba lilinifunza namna ya kuuliza. Neno faragha kwa mwenye nyumba maana yake ni chumba chenye mlango wake na choo chake. Kwa wanandoa waliokimbia makelele ya mji maana yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo sasa siulizi tena kama mahali pana faragha. Nauliza: usiku huo mna wageni wangapi walioweka nafasi, na je, kuna kundi la kampuni, la chuo, la kanisa au la sherehe ya kuzaliwa? Je, mnaruhusu spika ufukweni, na huzimwa saa ngapi? Banda letu liko umbali gani kutoka baa na kutoka banda la jirani? Fedha zangu zitarudi kwa masharti gani, na masharti hayo mtaniandikia kwenye ujumbe wa simu? Mwenye nyumba mwaminifu hatachukia maswali haya. Aliyenijibu kwa ukali nilipompigia kumuuliza hivyo, nilimshukuru nikakata simu.

Na jambo kubwa kuliko maswali yote ni siku. Ghuba ya Lutoboka ndiyo inayopokea meli kutoka Entebbe, ndiyo maana nyumba nyingi za wageni zimepangana pale ufukweni, na ndiyo maana watu wa Kampala hujaa pale tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili. Fukwe hizo hizo, mabanda hayo hayo, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi huwa kama zimeumbwa kwa ajili yenu wawili. Asiyeweza kupata likizo katikati ya wiki basi asilale karibu na gati.

Sisi tulihama Jumamosi asubuhi. Kijana aliyetubebea mizigo alitwambia habari za mama mmoja wa upande wa pili wa kisiwa mwenye mabanda matatu tu, akampigia simu mbele yetu, na kwa bahati moja lilikuwa wazi. Tukakodi gari. Njia inapita katika mashamba makubwa ya michikichi iliyopandwa kwa mistari, kilomita kwa kilomita, na lazima niseme kwamba mandhari hayo hayakunifurahisha, kwa sababu michikichi hiyo, iliyoanza kupandwa Bugala katikati ya miaka ya 2000, imechukua nafasi ya misitu mingi ya asili, na anayekuja kutafuta utulivu wa msitu anapaswa kujua hivyo kabla ya kufunga safari. Msitu uliosalia, hata hivyo, bado una uhai wake: tuliona hondohondo wakiruka wawili wawili kwa mabawa yenye kishindo, tumbili kando ya barabara, na kasuku wa kijivu ambao dereva alitusimamishia gari tuwatazame.

Mama mwenyeji ametuomba tusilitangaze jina lake, kwa kuwa mabanda matatu hayahitaji umati, na ombi lake naliheshimu. Nyumba za namna yake hazina matangazo. Hupatikana kwa kuwauliza madereva, wavuvi na wauza duka wa Kalangala. Kwake tulilipa shilingi 120,000 kwa usiku mmoja, pamoja na milo miwili. Umeme wake ni wa sola, unatosha taa na simu. Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni na kuletwa kwenye ndoo ukisema saa unayotaka. Wanaohitaji bomba la maji ya moto na runinga hawatapafurahia, nami siwalaumu.

Ila jioni ile siisahau. Saa kumi na mbili jua likiwa limeanza kuinama, mama alituuliza tunapenda kula wapi, nasi tukamwonyesha jiwe pana lililo kwenye ukingo wa maji. Hakusema neno. Baada ya muda tukamwona anakuja na sigiri yake yenye makaa mekundu, nyuma yake binti amebeba mkeka na sufuria, wakatuandalia pale pale kisha wakaondoka wakatuacha. Ndani ya sufuria kulikuwa na matoke yaliyopikwa ndani ya majani ya mgomba, na bakuli la mchuzi wa karanga mzito, mwekundu kidogo, wenye vipande vya sangara aliyevuliwa asubuhi hiyo. Mume wangu alifungua majani, mvuke ukapanda, na kabla hajajipakulia akaniwekea mimi kipande cha tumboni, kile chenye mafuta, ambacho nyumbani siku zote huenda kwa watoto. Tulikula kwa mikono, polepole, mpaka giza likaingia na taa za wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, zikaanza kuwaka mbali ziwani moja baada ya nyingine. Tulizungumza mambo ambayo hatukuwa tumeyagusa kwa miaka, mengine mazito, na hapakuwa na mtu wa kutukatiza.

Usiku wa manane mvua ilipasuka. Mimi hufundisha jiografia pamoja na Kiswahili, na kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji ya ziwa, upepo hutoka pwani zote kuelekea katikati, na hewa yenye unyevu iliyoko juu ya maji husukumwa juu mpaka ikawa mawingu ya radi. Ndiyo maana ngurumo juu ya ziwa hili huwa nyingi usiku na alfajiri. Kuisikia ukiwa chini ya paa la nyasi, umeshikwa mkono, ni somo jingine. Hata hivyo anayepanga safari yake akumbuke kwamba miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ni ya mvua nyingi, na kwamba boti ndogo haifai kupandwa hali ya hewa ikichafuka, hata kama mwenye boti anaharakisha.

Kwa habari ya boti sitapunguza maneno. Novemba 2018 boti ya starehe iliyojazwa watu kupita kiasi ilizama karibu na pwani ya Mukono, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha yao wakiwa katika furaha ya wikendi. Jumapili asubuhi tulipotaka kuzunguka vile visiwa vidogo, mvuvi wa kwanza alitwambia jaketi za kuokolea hazihitajiki kwa kuwa tunakwenda karibu tu. Tulimkataa. Wa pili alikuwa nazo, akazifunga mwenyewe kifuani petu huku akimwambia mume wangu, "Mzee, hii usiifungue mpaka tukanyage mchanga." Huyo ndiye aliyestahili fedha zetu. Njiani alitusimulia kuhusu kisiwa cha Bubembe, kilichokuwa makao ya ibada ya Mukasa, ambaye katika imani za jadi za Waganda ni mungu wa ziwa, aliyeombwa samaki na aliyeombwa watoto pia. Akasema wazee walivuka maji haya wawili wawili kwenda kuomba uzazi. Nilifurahi kujua kwamba si sisi wa kwanza kuja huku mume na mke tukiwa na haja mioyoni.

Kuhusu kuogelea, ziwa hili lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye matete ambako konokono wanaokieneza huishi. Sisi tuliamua kutoogelea kabisa, tukatosheka na boti na mchanga. Waliokwisha kuingia majini waende zahanati wakapimwe, wakimweleza mganga tarehe waliyoogelea, kwa sababu dawa yake, prazikwanteli, hufanya kazi vizuri zaidi wiki kadhaa baadaye, minyoo ikiwa imekomaa mwilini. Beba pia dawa ya mbu. Wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya ziwa kama wingu la moshi wasiwatishe, hawaumi, ila mzime taa za barazani wakija.

Kurudi, hatukutumia meli ya Entebbe kwa sababu huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi, na kutoka upande wetu ingetubidi kuamka gizani. Tulikwenda Luku, gati jingine la Bugala, tukavuka hadi Bukakata, upande wa nchi kavu, kwa kivuko ambacho ni bure kwa watu na kwa magari, kisha taksi mpaka Masaka na kutoka hapo Kampala. Njia hii ni ndefu na inachosha, ila kwa wenye gari lao ndiyo bora, maana hamfungwi na ratiba ya meli moja kwa siku.

Kabla hatujaondoka mama mwenyeji alileta daftari lake la mistari, akauliza kama aandike kitu. Mume wangu ndiye aliyejibu, kabla yangu. Ametuandikia Januari, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, banda lile lile la mwisho, chini ya mwembe.