Seti ya Waya na Rilei kwa Taa za Ziada za Pikapu

Seti hii niliinunua Moshi mjini, katika duka la vipuri, kwa ajili ya taa mbili za ukungu nilizozifunga kwenye bampa la mbele la pikapu yangu, ambayo hupanda Marangu alfajiri mara kwa mara. Ndani ya pakiti mlikuwa na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 12 yenye pini nne, swichi, kishikio cha fyuzi na waya zilizokwisha kuunganishwa, hivyo kazi niliimaliza nyumbani katika mchana mmoja bila kukata waya wowote wa kiwandani.

Ninachokisifu zaidi ni rilei. Taa mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9, mkondo ambao swichi ndogo ya dashibodi haipaswi kuubeba. Kwa rilei, swichi huamsha koili tu (waya uliozungushwa ndani ya rilei) kupitia pini 85 na 86, na umeme wa taa hutoka moja kwa moja kwenye betri, ukipitia pini 30 na 87. Mwanga haufifii.

Kasoro yake si ndogo. Fyuzi iliyokuja nayo ni ya ampea 30, ilhali waya wenyewe ni mwembamba, na hitilafu ikitokea waya ungeweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Niliweka ya ampea 15, karibu kabisa na betri. Waya hasi nao ulikuwa mfupi. Niliurefusha, nikakwangua rangi ya chesisi (fremu ya gari), pale waya huo unapofungwa, hadi kwenye chuma kitupu, nikakaza bolti na kupaka grisi.