Seti ya kutunzia klarineti: kitambaa hiki kimenichosha

Haya wadau, karibuni. Sauti inafika? Leo klarineti yenyewe siielezi, vipande vyake vitano mnavijua. Leo nina hii seti ya matunzo, nimeiagiza mtandaoni kwa shilingi 45,000, nauli juu yangu. Ndani kuna kitambaa cha kukaushia, grisi ya koki (lile gome laini linalozunguka maungio ya vipande), brashi, bisibisi ndogo na kichupa cha mafuta. Brashi safi. Bisibisi iacheni kwenye boksi, hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa kitambaa. Jamani, hiki kitambaa!

Sogeza kamera. Hiki ni kipande cha juu. Chungulia ndani, unakiona kile kijibomba cha chuma kimetokeza? Kipo chini ya kile kitufe cha gumba la kushoto, kinachotupandisha sauti za juu. Njia yenyewe ina upana wa milimita 15 hivi, halafu kijibomba kimejichomeka humohumo. Kitambaa hiki ni pamba nzito, kimekunjwa pindo nene pande zote. Natumbukiza uzito wa kwenye ncha ya kamba, natikisa, kamba imetokea upande wa pili. Navuta taratibu... taratibu... hapo! Kimenasa. Naapa sijaigiza, jana kimenifanyia hivihivi mara mbili.

Kikinasa usivute kwa nguvu, kitazidi kujikaza. Wala usichokoe kwa kijiti, utapindisha kijibomba au utakwaruza mbao. Unakirudisha kilikotoka. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo: nakirudishaje wakati hakina mkia? Kamba iko upande mmoja tu! Vile vya hariri vya kampuni nyingine vingi ni vyepesi, vinateleza, na vipo vyenye kamba pande zote mbili. Bei imechangamka, ndiyo, lakini kitambaa ndicho unachokishika kila siku.

Kwa sababu kukausha si urembo. Pumzi yako ina joto na unyevu, mbao ya ndani inavimba kabla ya ile ya nje. Ukitoka kwenye chumba cha AC kali, klarineti ya baridi, ukaanza kupuliza kwa fujo, ufa unaanzia kipande hikihiki cha juu. Ipashe kwanza, ishike kwapani dakika chache. Kama ni mpya, dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha wiki za mwanzo. Na sisi wa Dar, na joto letu la pwani, usisahau kufuta kwenye maungio. Maji yakikaa pale mbao inavimba, kesho vipande havitengani, unaanza kuita majirani.

Na hii ni mpingo, wadau. Mti wetu wenyewe, wa Kilwa na Lindi huko, mzito hivi kwamba ukiutia majini unazama. Unasafiri mpaka Ufaransa, unarudi klarineti ambayo bei yake naogopa kuitaja mbele ya mama yangu. Halafu niukaushe kwa kitambaa cha jikoni? Wenye klarineti za plastiki mnacheka, najua. Chekeni, nyinyi hamna ufa wa kuogopa. Ila pedi zenu, vile vizibo laini vya chini ya vitufe, zikilowa zinaharibika kama zangu, kwa hiyo kausheni.

Grisi, sasa, nitakuwa muungwana: ni nzuri. Kidogo tu kwenye koki, unasambaza kwa kidole, maungio yanaingia kama siagi. Niliingia hapa nikiwa nimepania kuiponda seti nzima, grisi imenirudisha nyuma. Mafuta sijayagusa. Kuna mafundi wanaopaka ndani ya mbao na kuna wasiotaka kabisa kusikia, mimi namsikiliza fundi wangu. Ila mafuta ya nazi hapana, mjomba, nimekuona kwenye maoni. Yatachacha humo ndani.

Kabla sijasahau, mazoezi ya pamoja ya Jumamosi yamehamia Jumapili jioni, maana kamera hii ni ya kuazima na mwenyewe ana harusi.

45,000? Kwa 20,000 ningesema chukua, tumia grisi na brashi, kitambaa futia meza. Kwa bei hii nunua grisi peke yake na kitambaa cha hariri.

Ngoja, kile kitambaa bado kimo humu. Naishika ncha na koleo ndogo ya nyusi, ya dada yangu, msimwambie... kinakuja... kinakuja... kimetoka! Na bado kuna maji ndani. Oneni tone hilo.