Zodiac CH 601 XL: ni rahisi kuiunda, lakini ikague mabawa kwanza

Ndege hii ya viti viwili, iliyosanifiwa na Chris Heintz na kuuzwa kwa vifurushi na kampuni ya Zenith ya Missouri, Marekani, ina sifa ambayo hata wanaoilaumu hawaikatai: mtu asiye fundi wa ndege anaweza kuiunda akaimaliza. Mabati yake ya alumini hufungwa kwa ribiti za kuvuta, ambazo mtu mmoja huzikaza akiwa upande mmoja tu wa bati. Kioo chake kinaonyesha vizuri, na mwendo wake unaridhisha. Hayo nayapita upesi, kwa sababu swali la mnunuzi liko kwenye mabawa.

Mnamo Aprili 2009, NTSB, bodi inayochunguza ajali za usafiri nchini Marekani, iliitaka FAA, mamlaka ya anga ya nchi hiyo, isimamishe safari za ndege hizi, baada ya sita kuvunjika zikiwa angani tangu 2006 na watu 10 kupoteza maisha. Shaka kubwa ya bodi iliangukia mpapatiko wa eileroni, yaani vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia. Havikuwa na vizito vya kuvisawazisha, na kebo zake zikilegea, hewa ya mwendo kasi huweza kuvitia mtetemo unaojikuza wenyewe mpaka bawa zima likaanza kujipinda, na rubani asipate hata muda wa kupunguza kasi. Ukaguzi wa FAA uliongeza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: mizigo, yaani nguvu zinazolielemea bawa, iliyotumiwa kukokotoa uimara wake ilikuwa midogo kuliko inayoistahili ndege ya kilo 600. Ndipo yakatolewa marekebisho ya kuimarisha mhimili mkuu wa bawa na kuongeza vizito kwenye eileroni.

Wengi pia wameisoma vibaya ile g 6 iliyotangazwa, yaani kwamba mabawa yanahimili mara sita ya uzito wa ndege. Hicho ni kikomo cha mwisho, si ruhusa ya kukifikia. Ukikigawanya kwa 1.5, ambacho ndicho kigawe cha kawaida cha usalama katika usanifu wa ndege, kinachobaki kwa matumizi ni g 4.

Hapo ndipo kuruka chini chini kunapokuwa hatari maradufu kwa ndege hii. NTSB ilionya kwamba usukani wake ni mwepesi kiasi cha rubani kuweza kuvuta kupita kiasi bila kukusudia, na hakuna mahali pa kuvuta kwa ghafla kama pale waya wa umeme unapojitokeza mbele ya kioo. Waya huonekana kwa shida sana ardhi ikiwa nyuma yake. Tena kila mita ya mraba ya bawa hubeba takriban kilo 49 tu, kwa hiyo hewa iliyochafuka karibu na ardhi huirusha ndege kwa nguvu, na nguvu hiyo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Anayepunguza mwendo naye ana tatizo lake: akipinda kwa nyuzi 60 huku akidumisha kimo, mabawa hubeba uzito mara mbili, na kasi ambayo chini yake bawa huacha kubeba ndege hupanda kwa asilimia 41 hivi. Sheria ya Marekani ya kukaa futi 500 mbali na watu na majengo, hata nje ya miji, ni kiwango cha chini kabisa, mimi ningeiongeza.

Kwa hiyo ninaipendekeza CH 601 XL iliyorekebishwa, au kifurushi cha CH 650, toleo lililoifuata, chenye marekebisho hayo, kwa masharti. Muuzaji aonyeshe picha za mhimili kabla mabati hayajafungwa, daftari la matengenezo lililotiwa saini, na mkazo wa kebo uliopimwa kwa kifaa, si kwa kidole. Isiyo na kumbukumbu hizo, ningenunua injini na ala zake tu, kwa bei ya vipuri.