Uzoefu wangu: kukodi boti ya uvuvi na nahodha wake Watamu

Ukikodi boti ya uvuvi wa ndoana Watamu, kwenye pwani ya Kenya, unacholipia hasa ni akili ya nahodha. Boti niliyoikodi msimu wa kaskazi, siku nzima, kwa ajili ya sulisuli (samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki), ilikuwa ya kawaida tu, rangi imeshapauka. Lakini kabla hatujafika kwenye bei, nahodha aliuliza mambo matatu: mnamtaka samaki gani, mtapanda wangapi, na nani kati yenu huchafukwa na moyo baharini. Yeye nampa nyota tano. Vifaa vyake vinapata tatu, na sababu nitaieleza.

Wengi huchagua tarehe kwanza kwa kufuata likizo, halafu wanalalamika kwamba samaki waliyemwona kwenye picha hakutokea. Mchague samaki kwanza. Kuanzia Aprili kusi huchafua bahari, na boti nyingi hupandishwa juu kwa matengenezo hadi mwishoni mwa Julai. Agosti zinarudi majini, na kati ya hapo na Oktoba jodari ndiye anayetafutwa. Sulisuli hukolea Novemba hadi Januari. Anayemtaka nduaro, yaani marlin, aweke Januari hadi Machi. Nguru, kolekole na faulusi huingia humo katikati, kwa hiyo siku haiwi tupu kabisa. Neema hii ina chanzo chake: mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini. Miwili hiyo hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, maji ya chini yenye rutuba yanapanda, samaki wadogo wanakusanyika, na wakubwa wanawafuata.

Kisha pima umbali. Miinuko ya chini ya bahari iitwayo North Kenya Banks iko kiasi cha kilomita 50 kutoka ufukweni. Boti inayorambaza, yaani inayotembea huku ikikokota chambo, kwa noti 8 hufanya kilomita 15 hivi kwa saa, maana yake zaidi ya saa tatu kwenda tu. Mtu akikuuzia nusu siku huku akikuahidi kukufikisha huko, hesabu yake haiingii akilini. Nusu siku inafaa kwa maji ya karibu, nje kidogo ya mwamba, na sulisuli hupatikana hata huko katika msimu wake. Uliza pia saa za kukodi zinaanza kuhesabiwa lini: mkishapanda, au mishipi ikishashuka? Tofauti yake inaweza kuwa saa nzima.

Maji nayo yana usemi wake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye mwambao huu hukaribia mita 4, na kupwa kwenyewe huangukia kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ukitoka alfajiri unaondoka na maji ya kutosha, lakini ukichukua nusu siku unarudi wakati mwamba uko nje na kidau cha kuwafikisha nchi kavu hakipiti. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Nahodha alikuwa ameshatutumia ujumbe usiku kwamba turudi mchana wa saa tisa, maji yakiwa yamepanda tena. Nahodha wa kukodi ndiye huyo.

Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, hakuna kuvua kabisa. Mishipi yetu ilibaki imefungwa hadi tukavuka mpaka wake, jambo la kuangalia katika kila boti. Anayeshusha ndoana mapema anahatarisha leseni yake na siku yako.

Sasa vifaa. Rili, yaani magurudumu ya kukunjia mshipi, zilikuwa nzuri, zimepakwa mafuta, breki zinateleza bila kukwama. Tatizo lilikuwa rodi na mishipi. Kabla ya kuondoka, chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ya rodi. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo unakwangua mshipi kila samaki anapokimbia. Rodi moja yetu ilikuwa na pete ya namna hiyo karibu na ncha, na mita kama 10 za mwisho za mshipi wake zilikuwa na makwaruzo unayoyahisi ukibana kwa kucha. Baharia alizikata na kufunga fundo upya bila kinyongo, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika jana yake. Rodi yenyewe iliwekwa kando.

Pima breki pia. Kwa mshipi wa kilo 15, yaani unaostahimili mvuto wa uzito huo, unaotosha sulisuli, breki iwekwe kwenye theluthi au robo ya nguvu hiyo, yaani kilo 4 hadi 5, na ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza ikivutwa kupitia ncha ya rodi. Kukisia kwa mkono hakutoshi: breki ikikaza sana mshipi unakatika katika mbio za kwanza, ikilegea sana samaki anachoka kupita kiasi na hata ukimwachia hafiki mbali. Nduaro anataka mshipi wa kilo 24 au 37. Anayekwenda kutafuta nguru aulize kama kuna waya mbele ya ndoana, kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni safi kama wembe.

Kwenye chambo ndipo boti hii ilipong'ara. Chuchunge, samaki wadogo wa chambo, walikaa kwenye barafu ndani ya mfuko mkavu, wala hawakuachwa waelee kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, kwani maji baridi yasiyo na chumvi hulainisha tumbo na chambo hupasuka baada ya dakika chache za kuvutwa. Baharia alimpinda kila mmoja mgongo kushoto na kulia hadi ukalegea, akamfunga mdomo kwa uzi, na ndoana ya duara akaikalisha juu ya kichwa, ncha ikiwa wazi kabisa. Kila chambo alikijaribu kwanza ubavuni mwa boti. Kikizunguka badala ya kuogelea, anakitoa, kwa sababu mdomo ulioachia kidogo tu hukifanya kizunguke, mshipi ukajisokota na sulisuli akakikataa. Mwendo ulikuwa noti 5 hadi 6 kwa chuchunge. Chambo bandia peke yake kinavumilia noti 7 au 8.

Mafunzo kwa abiria tuliyapata kabla samaki hajatokea, na hapo ndipo boti nyingi hushindwa. Sulisuli hukipiga chambo kwa mdomo wake mrefu kwanza, kisha hugeuka kukimeza. Mshipi unafunguliwa ukimbie huru, kidole gumba kikiugusa tu usijisokote kwenye rili, unahesabu hadi tano, halafu unasukuma breki polepole na kuanza kukunja. Usiivute rodi kwa kishindo. Ndoana ya duara hujigeuza yenyewe na kushika pembe ya mdomo mshipi unapokaza taratibu, lakini ukiishtua inachomoka ikiwa safi. Abiria aliyezoea ndoana ya kawaida ndiye anayepata taabu zaidi hapa, mkono wake unatangulia. Faida yake ni kubwa: samaki hashikwi tumboni, na akiachiwa ana nafasi nzuri ya kuishi.

Na sulisuli aachiwe. Wetu alibaki ndani ya maji ubavuni, baharia mwenye glavu kashika mdomo, boti ikisogea mbele taratibu ili maji yapite kwenye mashavu yake hadi akaanza kupiga mkia mwenyewe. Alipachikwa alama ya African Billfish Foundation, shirika lililoko Watamu linalofuatilia safari za samaki hawa, na kadi ya taarifa ikajazwa pale pale: mahali, makadirio ya uzito, hali yake. Mwambie nahodha mapema kwamba hutaki apandishwe botini kwa ajili ya picha. Picha inatoka vizuri hata akiwa majini, na uzito wake asiposhikiliwa na maji unaumiza viungo vya ndani.

Jodari na nguru ni habari nyingine, hao ni wa kuliwa. Desturi ya boti nyingi ni kwamba samaki ni wa boti, na abiria anapewa kipande. Sisi tulikubaliana kabla ya kuondoka tuchukue minofu ya jodari mmoja, na hakukuwa na ubishi.

Upande wa usalama: redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, ilijaribiwa mbele yetu, maboya yalikuwa ya kutosha kila mtu, injini zilikuwa mbili. Boti ya injini moja siendi nayo hadi kwenye miinuko ya mbali. Kivuli kilikuwa kidogo, kwa hiyo beba shati la mikono mirefu, miwani inayokata mng'ao wa maji, na lita 3 za maji kwa kila mtu. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja au mbili kabla ya kupanda, maana ukisubiri hadi tumbo lichafuke haisaidii tena.

Bei huwa ya boti nzima, si ya kichwa, hivyo wanne mnagawana. Uliza kama mafuta, chambo na chakula vimo. Kubwa zaidi ni hali ya hewa: nahodha akisema leo haiendeki, amana inarudi au inahamia siku nyingine? Wetu alijibu kwa maandishi kwamba uamuzi wa bahari ni wake, na akiahirisha yeye, unachagua kurudishiwa pesa yote au tarehe mpya. Ukiahirisha wewe chini ya saa 48 kabla, nusu inabaki kwake. Asiyekubali kuandika hivyo kabla ya kupokea amana, mtafute mwingine.